Kuijua Ardhi Kabla ya Kuchimba Mtaro: Modeli za Matumizi ya Ardhi na Mipango ya Kilimo na Tabianchi

Mvua kubwa ya Aprili ikinyesha usiku kucha kwenye miteremko ya Aberdare, asubuhi mto Maragua huwa umebadilika rangi. Maji yaliyokuwa yakionyesha mawe ya chini huwa mazito na mekundu. Rangi hiyo ni udongo wa juu wa mashamba ya watu, pamoja na samadi waliyoibeba mgongoni na mbolea waliyoinunua kwa pesa zao.

Udongo huo haubaki Murang'a. Unafuata maji hadi Mto Tana, na sehemu yake hutua katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 na ambalo ndilo kubwa zaidi kati ya mabwawa ya umeme ya Seven Forks. Kwenye mito ya Thika na Chania, tope kama hilo huongeza gharama ya kusafisha maji yanayoelekea Nairobi. Mkulima amepoteza rutuba, bwawa limepoteza nafasi ya kuhifadhi maji, na jiji limelipa zaidi. Hasara ni tatu lakini chanzo ni kimoja: jinsi ardhi inavyotumiwa huku juu.

Dawa za tatizo hili zinajulikana na wengi: matuta, nyasi, miti, na kuacha kingo za mito zipumue. Linalosumbua ni swali jingine. Pesa zikiwa chache, kazi ianzie wapi? Kwenye mteremko upi, kwa njia ipi, na ni nani atakayegharamika? Maafisa wa mipango wanaweza kulijibu swali hilo kwa kukisia, kwa kugawa sawa kwa kila wadi, au kwa kumsikiliza anayepaza sauti zaidi. Njia ya nne ni kutumia modeli za matumizi ya ardhi. Somo hili linaeleza jinsi modeli hizo zinavyofanya kazi, zimesaidia wapi, zinakosea wapi, na mkazi anaweza kuuliza nini zinapotumiwa kupanga kilimo na kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi.

Modeli ni nini?

Modeli ni mfano wa ardhi halisi uliotengenezwa ndani ya kompyuta. Fundi mjenzi huchora nyumba kwenye karatasi kabla ya kununua mawe, ili aone mapema kama vyumba vitatosha. Kufuta mstari kwenye karatasi hakugharimu kitu. Kubomoa ukuta kunagharimu. Modeli hufanya kazi hiyo hiyo kwa bonde zima la mto. Huunganisha ramani za miinuko, aina za udongo, kumbukumbu za mvua, na picha za setilaiti zinazoonyesha mahali penye msitu, chai, kahawa, mahindi, nyumba na barabara. Kisha mtaalamu huuliza maswali. Itakuwaje mashamba yote ya mteremko mkali yakichimbwa matuta? Itakuwaje kingo za mito zikipandwa nyasi? Itakuwaje mvua ya wiki nzima ikinyesha kwa siku moja?

Modeli mojawapo inayotumika sana inaitwa SWAT. Ilitengenezwa na wanasayansi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hutolewa bila malipo. SWAT hugawa bonde katika vibonde vidogo, kisha hugawa kila kibonde katika vipande vyenye udongo, mimea na mteremko unaofanana. Kwa kila kipande hukadiria, siku baada ya siku, mvua iliyonyesha, maji yaliyoingia ardhini, yaliyonyonywa na mimea, yaliyotiririka juu ya ardhi, na udongo uliobebwa nayo. Baadaye makadirio hayo hulinganishwa na vipimo halisi kutoka vituo vya kupimia mito. Yakitofautiana sana, modeli husahihishwa kwanza. Modeli ambayo haijalinganishwa na mto wenyewe haifai kutumiwa kupanga pesa za umma.

Modeli huitwa jumuishi inapoweka katika hesabu moja mambo ambayo kwa kawaida hukaa katika ofisi tofauti: mavuno ya mkulima, maji ya mto, gharama na faida kwa shilingi, na hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti na udongo. Ofisi ya kilimo hutaka mavuno yapande. Ofisi ya mazingira hutaka miti. Ofisi ya maji hutaka mto safi. Modeli jumuishi huonyesha mahali matakwa hayo yanapopatana na mahali yanapogongana.

Mambo matano yanayoamua udongo unaopotea

Ndani ya modeli nyingi za aina hii mna hesabu moja ya zamani ambayo mkulima yeyote anaweza kuielewa. Inasema kwamba udongo unaopotea shambani kila mwaka hutegemea mambo matano:

1. Nguvu ya mvua. Manyunyu ya siku nzima hayachimbi ardhi kama mvua ya nusu saa yenye matone mazito.
2. Aina ya udongo. Kuna udongo unaoshikana na kuna unaochukuliwa na maji upesi.
3. Urefu na ukali wa mteremko. Maji yakipata nafasi ndefu ya kukimbia, hupata nguvu zaidi.
4. Kinachofunika ardhi. Majani, matandazo na mizizi hupunguza pigo la tone la mvua.
5. Hatua za kuhifadhi udongo. Hapa ndipo penye matuta, mitaro ya fanya juu, mistari ya nyasi na kulima kwa kukata mteremko badala ya kuufuata.

Mambo haya hayajumlishwi bali huzidishwa. Maana yake ni kwamba moja likiwa dogo sana, jibu lote huwa dogo hata mengine yakiwa makubwa. Ndiyo sababu shamba la chai iliyofunga vizuri, hata likiwa kwenye mteremko mkali, laweza kupoteza udongo mchache kuliko shamba la mahindi yaliyochipuka juzi kwenye mteremko wa wastani, ambapo ardhi bado iko wazi mvua kubwa inapoanza.

Mkulima hana uwezo wa kubadilisha mvua wala aina ya udongo wake. Mteremko waweza kufupishwa kwa matuta. Kifuniko na hatua za kuhifadhi viko mikononi mwake kila msimu. Akipunguza kimojawapo kwa nusu, amepunguza hasara yake kwa nusu.

Ni vizuri pia kujua ukubwa wa hasara yenyewe. Udongo wa unene wa milimita moja tu ukiondoka kwenye ekari moja, huo ni takriban tani 5, mzigo wa kujaza kenta. Jicho haliwezi kuona milimita moja ikipungua. Kwa hiyo mtu anaweza kupoteza kenta kadhaa za udongo bora kwa mwaka na bado akadhani shamba lake liko vile vile, isipokuwa mbolea siku hizi "haishiki".

Somo kutoka Tana ya Juu

Mfano mzuri wa modeli kutumiwa kupanga pesa za hifadhi uko hapa nyumbani. Bonde la Tana ya Juu lina ukubwa wa takriban kilomita 17,000 za mraba na hutoa karibu asilimia 95 ya maji ya Nairobi. Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wa kwanza wa aina yake barani Afrika. Wazo lake ni kwamba watumiaji wa maji walio chini, yaani kampuni ya maji, kampuni ya umeme na viwanda, wachangie gharama ya kuhifadhi udongo katika mashamba ya walio juu. Mji wa Quito nchini Ecuador ulikuwa umetangulia kufanya hivyo mwaka 2000.

Kabla ya kuomba michango, waandalizi walilazimika kuonyesha kwamba pesa hazitapotea. Utafiti wao ulifuata hatua tatu. Kwanza, programu iitwayo RIOS ilipewa kiasi cha pesa na ikachagua ni kazi gani ifanywe wapi katika mabonde matatu: Sagana na Gura, Maragua, na Thika na Chania. Pili, modeli ya SWAT ilikadiria mabadiliko katika maji na udongo. Tatu, wachumi waligeuza mabadiliko hayo kuwa pesa.

Kazi zilizopimwa zilikuwa sita: mimea ya kulinda kingo za mito, kilimo mseto cha miti na mazao, matuta kwenye mashamba ya mteremko mkali, kurudisha miti kwenye ardhi iliyoharibika kando ya misitu, mistari ya nyasi mashambani, na kuzuia mmomonyoko kwenye barabara za udongo. Kazi hiyo ya sita inastahili kukumbukwa. Barabara ya kijijini ikikosa mitaro mizuri, hugeuka kijito kila inaponyesha na kumwaga maji yake yote kwenye shamba la mtu aliye chini yake.

Hesabu ilionyesha kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa zingeleta faida ya dola milioni 21.5 katika muda wa miaka 30. Udongo unaoingia katika bwawa la Masinga kila mwaka ungepungua kwa asilimia 18. Kampuni ya umeme ingepata zaidi ya dola 600,000 za ziada kwa mwaka, na kampuni ya maji ya Nairobi ingeokoa takriban dola 250,000 kwa mwaka katika kusafisha maji. Kwa upande wa wakulima, ongezeko la mavuno lilikadiriwa kufikia dola milioni 3 kwa mwaka.

Takwimu hiyo ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa makini. Ni rahisi kudhani kwamba mradi wa aina hii ni wa kumpendelea mkazi wa jiji, huku mkulima akiombwa kujinyima. Modeli ilionyesha kwamba faida kubwa zaidi ya mwaka inaweza kubaki kwenye shamba lenyewe, kwa sababu udongo usioteremka huendelea kuzaa. Lakini ilionyesha pia kwamba faida ya mkulima hutanguliwa na gharama: siku za kazi, miche, na sehemu ya shamba inayochukuliwa na tuta au nyasi. Asiyekuwa na akiba hawezi kusubiri misimu mitatu ndipo aone faida. Hapo ndipo pesa za watumiaji wa chini, za kaunti na za serikali ya kitaifa zinapopata kazi yake: kumvusha mkulima kipindi hicho cha kungoja.

Mfano wa hesabu: kugawa sawa au kulenga?

Tuseme wadi moja ya kubuni ina shilingi milioni 6 za kuhifadhi udongo, na kila ekari inagharimu Sh20,000. Pesa hizo zinatosha ekari 300. Wadi hiyo ina vijiji vitatu. Nambari zifuatazo ni za kujifunzia tu.

Kijiji cha juu kina mteremko mkali na hupoteza tani 20 kwa ekari kwa mwaka. Kijiji cha kati hupoteza tani 8. Kijiji cha chini, kwenye tambarare, hupoteza tani 2. Matuta na nyasi hupunguza hasara kwa nusu popote vinapowekwa.

Pesa zikigawanywa sawa, kila kijiji kitapata ekari 100. Kijiji cha juu kitaokoa tani 1,000, cha kati tani 400 na cha chini tani 100. Jumla ni tani 1,500.

Pesa zote zikipelekwa kijiji cha juu, ekari 300 zitaokoa tani 3,000. Hiyo ni mara mbili kwa gharama ile ile. Lakini mkazi wa kijiji cha chini, ambaye pia analipa ushuru, atauliza amekosa nini.

Sasa tazama njia ya tatu. Ekari 150 tu za kijiji cha juu zinaokoa tani 1,500, sawa kabisa na mgao wa kwanza, kwa shilingi milioni 3. Zinabaki shilingi milioni 3. Huenda shida ya kijiji cha chini si mmomonyoko bali ukame wa Januari na Februari, na kinachohitajika huko ni vidimbwi vya kuvunia maji ya mvua. Kijiji cha kati huenda kinahitaji kurekebishiwa barabara. Kila kijiji kimepata kitu, na kitu hicho kinalingana na shida yake.

Hii ndiyo kazi kubwa ya modeli. Haichagui kati ya haki na manufaa. Inaonyesha bei ya kila chaguo, ili watu wachague wakijua.

Kwa nini kilimo na tabianchi vipangwe pamoja

Kenya iliahidi mwaka 2020 kwamba kufikia mwaka 2030 itapunguza hewa chafu kwa asilimia 32 ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila kuchukua hatua. Serikali ya kitaifa pia imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Malengo hayo hutangazwa kitaifa, lakini miti hupandwa kwenye ardhi ya mtu fulani, katika wadi fulani. Katika kaunti ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,056,640 na ambako mashamba yamegawanywa tangu vizazi vya nyuma, hakuna ardhi iliyokaa bure ikisubiri miti.

Hapo ndipo kupanga kila jambo peke yake kunapoleta hasara. Mikaratusi hukua haraka na kuleta pesa za mbao, lakini ikipandwa kwenye chemchemi hunywa maji ya majirani wote. Nyasi ya nepia kwenye tuta huzuia udongo na kulisha ng'ombe. Ng'ombe huleta maziwa na samadi, ingawa naye hutoa hewa inayoongeza joto duniani. Kuacha ukingo wa mto bila kulima husafisha maji, lakini ukingo huo huenda ndio unaompa mama fulani nduma za kuuza wakati wa kiangazi. Kanuni za usimamizi wa maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kulindwa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto. Kwa mwenye shamba jembamba linaloteremka hadi mtoni, mita 30 ni sehemu kubwa ya urithi wake.

Modeli jumuishi huweka mambo hayo yote mezani kwa wakati mmoja. Inaweza kuonyesha kwamba miti ya matunda kama avokado na makadamia ikichanganywa na mazao kwenye miteremko ya juu italeta kivuli, mizizi na kipato. Inaweza pia kuonyesha kwamba kingo za mito zipandwe nyasi za lishe, ili mwenye shamba avune kitu bila kulima. Na inaweza kupima chaguo hizo chini ya mvua za namna tofauti. Mvua zikija chache lakini kali zaidi, lile jambo la kwanza katika yale matano litaongezeka, na mitaro iliyotosha zamani huenda isitoshe.

Mahali modeli inapokosea

Modeli haijui yote, na anayeileta kama amri hajaielewa.

Kwanza, macho yake ni mafupi. Picha za setilaiti za Landsat zinazotumiwa sana hugawa ardhi katika miraba ya mita 30 kwa 30, karibu robo ya ekari. Katika mraba mmoja wa Kangema au Kigumo mnaweza kuwa na nyumba, zizi, migomba, kahawa na mahindi. Mstari wa nyasi wa upana wa mita moja hauonekani kabisa. Mkulima aliyejitahidi kwa miaka 10 anaweza kuonekana kwenye ramani sawa na jirani ambaye hajafanya lolote. Dawa yake ni maafisa wa kilimo na wakulima kutembea mashambani na kusahihisha ramani kwa macho yao.

Pili, modeli hutegemea vipimo. Mahali pasipo na kipimo cha mvua au cha mto, hukisia kwa kutumia vituo vya mbali. Murang'a huanzia maeneo makavu ya mashariki na kupanda hadi vilele vya Aberdare vyenye urefu wa zaidi ya mita 3,300, na mvua ya ng'ambo moja ya kilima si lazima iwe mvua ya ng'ambo ya pili.

Tatu, modeli hudhani kwamba watu watafanya walichopangiwa. Haijui kwamba shamba lina kesi ya urithi, kwamba anayelima amekodi kwa msimu mmoja tu, au kwamba vijana wamekwenda mjini na aliyebaki nyumbani ni nyanya wa miaka 70.

Kosa hilo la tatu si geni Murang'a. Katika miaka ya 1940, eneo hili likiitwa Fort Hall, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakazi kuchimba matuta chini ya usimamizi wa machifu. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda kufanya kazi za mshahara, kwa hiyo mzigo uliwaangukia wanawake, waliokuwa pia na mashamba yao ya kulima na watoto wa kulisha. Mwaka 1947 watu walikataa, na kazi ikasimama sehemu nyingi za wilaya. Mwaka uliofuata wanawake waliandamana. Matuta yenyewe hayakuwa na kosa; mkulima wa leo huyachimba kwa hiari akiona faida yake. Kilichokosewa ni hesabu iliyopima mteremko ikasahau mgongo wa mchimbaji. Modeli ya kisasa isiyohesabu siku za kazi, na kazi hiyo ni ya nani, itarudia kosa la 1947 kwa kompyuta.

Nafasi ya mkazi

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka kilimo mikononi mwa kaunti, pamoja na utekelezaji wa sera za kitaifa za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Mipango hiyo huandikwa katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti wa miaka mitano, ambao kwa sasa unahusu 2023 hadi 2027, na katika mpango wa maendeleo wa kila mwaka, ambao kwa mujibu wa sheria hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Chini ya mpango wa kitaifa wa kufadhili hatua za tabianchi mashinani, unaojulikana kama FLLoCA, wadi huwa na kamati za kupanga hatua za tabianchi. Katika kila hatua sheria inataka wananchi washirikishwe.

Mikutano hiyo ndiyo mahali pa kuuliza. Mtu hahitaji kujua kompyuta ili aulize vizuri. Maswali sita yanatosha:

1. Ramani iliyotumiwa ni ya mwaka gani, na ni nani kutoka wadi hii aliyetembea kuikagua?
2. Mvua na mto vilipimwa wapi, na modeli ililinganishwa na vipimo hivyo?
3. Chaguo gani nyingine zilipimwa kabla ya hili kuchaguliwa, na gharama zake zilikuwa ngapi?
4. Ni nani atakayepata faida, ni nani atakayelipa au kupoteza sehemu ya shamba, na faida itaanza kuonekana msimu wa ngapi?
5. Siku za kazi zimehesabiwa? Ni nani atakayezifanya?
6. Baada ya mwaka mmoja, nini kitapimwa ili ijulikane kama modeli ilisema kweli?

Afisa mwenye kazi nzuri atayafurahia maswali haya, kwa sababu mpango uliojibu yote sita ni rahisi kuutetea mbele ya bunge la kaunti na mbele ya mfadhili. Mpango usio na majibu ni afadhali urudishwe ukafanyiwe kazi zaidi kabla shilingi ya kwanza haijatoka.

Wakati huo huo, mkulima anaweza kuanza na modeli yake ndogo. Mvua ijayo ikinyesha, avae gambuti atembee shambani maji yakiwa bado yanatiririka. Aweke vijiti mahali maji yanapoingia, yanapokusanyika na yanapotokea. Atazame rangi ya maji yanapotoka kwake na yanapotoka kwa jirani wa juu. Akichora aliyoyaona kwenye karatasi na kumpelekea afisa wa kilimo wa wadi, atakuwa amempa kitu ambacho setilaiti haikuweza kukiona. Na yeye mwenyewe atajua tuta la kwanza alichimbe wapi.